Kabla ya kuitupa laptopu ya zamani

Jungu kuu halikosi ukoko. Laptopu iliyolala juu ya kabati lako, ile ya mwaka 2014 au 2015 inayochukua dakika tano kuwaka, huenda bado ina miaka kadhaa ya kazi ndani yake. Swali ni kazi gani, na kwa nani.

Swali hili limekuja kwa kishindo tangu tarehe 14 Oktoba 2025, Microsoft ilipositisha huduma ya kawaida ya Windows 10. Kompyuta hazikuzimika siku hiyo. Zinawaka kama jana, lakini zisipoandikishwa kwenye mpango wa nyongeza hazipati tena marekebisho ya usalama. Kwa familia inayotumia mashine hiyohiyo kuingia benki, kutuma fedha nyumbani na kujaza fomu za viza, hilo si jambo dogo. Windows 11 nayo ina masharti yake: chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0, na prosesa ambayo kwa Intel ni ya kizazi cha nane na kuendelea, isipokuwa chache sana. Mashine nyingi zilizotengenezwa kabla ya mwaka 2017 zinaachwa nje ya mlango, hata kama hazina kasoro yoyote.

Hapo ndipo Linux inapoingia. Ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Msimbo wake uko wazi, kila mtu anaweza kuusoma na kuurekebisha, na aina zake nyingi hupatikana bure. Mojawapo ni Ubuntu, iliyoanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina hilo halihitaji mkalimani kwetu: ni ndugu wa neno utu.

Kwa anayeanza, chaguo jepesi ni Linux Mint toleo la Xfce, lililojengwa juu ya Ubuntu. Linaweza kuendeshwa kwa RAM ya GB 2, ingawa GB 4 ndiyo raha, na linahitaji nafasi ya GB 20 kwenye diski. Mwonekano wake unafanana na Windows ya zamani, kwa hiyo hata bibi hatapotea. Mashine za biti 32 za mwanzoni mwa miaka ya 2000 ziache zipumzike, kwani hata Debian, iliyozihudumia kwa miaka mingi, iliacha kuzitengenezea kisakinishi katika toleo lake la Agosti 2025.

Kazi yenyewe ni ya jioni moja. Kwanza nakili picha, vyeti na nyaraka zote mahali pengine, ikiwezekana sehemu mbili. Pili, pakua Linux Mint kutoka tovuti yake rasmi na uiandike kwenye flashi ya GB 8 kwa programu kama Rufus au balenaEtcher. Tatu, washa laptopu ukibonyeza F12, F9 au Esc, kulingana na mtengenezaji, uchague flashi. Mfumo utafunguka bila kugusa diski yako. Usiwe na haraka ya kusakinisha. Jaribu Wi-Fi, sauti, kamera na kila kitufe. Ukiridhika ndipo usakinishe, ukijua kwamba chaguo la kufuta diski halina kurudi nyuma.

Kama bado una diski ya kuzunguka, ibadilishe iwe SSD. Hakuna badiliko jingine la bei ndogo linaloonekana haraka hivyo. Lakini tusidanganyane: mfumo unakuwa mwepesi, tovuti zinabaki nzito. Kwa RAM ya GB 2, ukifungua kurasa kumi na video juu yake, mashine itapiga magoti.

Wanafunzi wasikilize hapa. Word na Excel za kusakinisha hazipo kwenye Linux. Kuna LibreOffice, inayofungua na kuhifadhi mafaili hayo, na kuna Word ya kwenye kivinjari. Kabla ya kuwasilisha kazi, kagua mpangilio wa kurasa au itume kama PDF. Kubwa zaidi ni mitihani ya mtandaoni: programu nyingi zinazofunga skrini wakati wa mtihani hudai Windows au Mac. Uliza chuoni kabla ya kufuta chochote, si asubuhi ya mtihani.

Wengi wetu lakini tunawaza nyumbani: mpwa yuko kidato cha pili, laptopu itaingia kwenye sanduku au kwenye kontena pamoja na magodoro. Ni wema, mradi tusiufanye nyumbani kuwa jalala. Betri iliyovimba isisafiri kabisa. Betri ya akiba hairuhusiwi kwenye mzigo unaowekwa chini ya ndege. Soma maandishi ya chaja. Ikiandikwa 100–240V itafaa Kenya na Tanzania, ingawa plagi ya Marekani itahitaji adapta.

Fanya masasisho yote ukiwa ugenini, kwa sababu huko yatakula bando la mtu. Sakinisha Kiwix, uipakie Wikipedia ya Kiswahili na vitabu vya bure visomwe bila intaneti. Weka LibreOffice kwa Kiswahili. Lugha yetu si mgeni kwenye programu huria, kwani mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa OpenOffice ya Kiswahili. Kisha panga simu ya video umwonyeshe mpwa namna ya kusasisha mwenyewe, na umwachie nenosiri. Kompyuta ambayo funguo zake ziko London au Muscat bado si yake.

Ikiwa anachohitaji ni kuandika, kusoma na kujifunza kupanga programu, mpe. Ikiwa anahitaji kuhariri video au kuendesha AutoCAD, mwambie ukweli, na uanze kuweka akiba ya nyingine.