Wakili Kijana Aanzie Kondoa

Kolo ni kijiji cha Warangi wilayani Kondoa, kando ya barabara kuu ya Dodoma hadi Babati, kilomita zipatazo 180 kaskazini mwa jiji la Dodoma. Wageni wanakijua kwa michoro ya kale ya miambani, ambayo UNESCO iliiingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Wenyeji wanaijua ardhi hiyohiyo kwa historia nyingine. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ili kuokoa vilima vya Irangi vilivyokuwa vikiliwa na makorongo. Mwaka 1979 mifugo ikaamriwa iondoke katika eneo lililoharibika, na familia zilizokuwa zikiishi kwa ng'ombe zikalazimika kuhama au kuanza maisha mengine. Katika vilima hivi, swali la nani ana haki gani juu ya ardhi ipi limeamua watu wale nini na waishi wapi.

Swali hilo bado linaulizwa, safari hii kwa njia ya mahakama. Majirani wawili wakigombea mpaka wa shamba, wanaanzia baraza la kata. Tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2021, baraza hilo haliamui tena. Linasuluhisha tu, na limepewa siku 30. Usuluhishi ukishindikana, shauri linakwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya, Kondoa mjini. Asiyeridhika hapo ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu, Dodoma. Kila hatua baada ya ile ya kwanza inadai karatasi zilizoandikwa kwa utaratibu wake: maombi, viapo, sababu za rufaa. Mkulima anayejua kila jiwe la mpaka wake anaweza kushindwa kwa sababu tu karatasi yake ilichelewa au iliandikwa vibaya na kishoka wa pembeni mwa stendi.

Mkulima huyo anahitaji wakili. Na nchi ina mawakili: daftari la Jaji Mkuu limekwishapita majina 10,000. Hata hivyo kijana anayetoka chuoni leo analalamika kwamba soko limejaa. Inawezekanaje kijana akakosa mteja na mteja akakosa wakili katika nchi moja, kwa wakati mmoja? Jibu halimo katika idadi ya mawakili. Limo katika njia wanayopitishwa ili wawe mawakili.

Njia yenyewe ni hii. Kijana wa Kolo anasoma shahada ya sheria, pengine Chuo Kikuu cha Dodoma, kisha anatakiwa kuingia Taasisi ya Mafunzo ya Uanasheria kwa Vitendo, ambayo wote wanaiita Law School. Taasisi hiyo iliundwa kwa sheria ya mwaka 2007 na makao yake ni Dar es Salaam. Kabla yake, wahitimu walifanya mafunzo kazini chini ya Ofisi ya Mwanasheria Mkuu wa Serikali, kisha wakahojiwa na Baraza la Elimu ya Sheria. Sasa kuna mwaka mmoja wa mafunzo, darasani na kazini, na mitihani mizito. Akifaulu, anamwomba Jaji Mkuu amkubali, anaapishwa, anavaa joho, anaandikwa katika daftari na kukata leseni yake. Baada ya hapo yuko peke yake.

Oktoba 2022 njia hii ilizua mjadala wa kitaifa. Matokeo ya Law School yalionesha kwamba kati ya watahiniwa 633, waliofaulu moja kwa moja walikuwa 26. Wengine 342 walitakiwa kurudia baadhi ya masomo, na 265 walishindwa kabisa. Waziri wa Katiba na Sheria wa wakati huo, Dk. Damas Ndumbaro, aliunda kamati chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza sababu. Mitandaoni na magazetini watu waligawanyika. Kuna waliosema vyuo vikuu vinatoa wahitimu wasioiva. Kuna waliosema taasisi yenyewe inakomoa. Kuna pia waliosema viwango vilindwe hata akifaulu mmoja.

Hoja ya viwango ni ya haki na haipaswi kubezwa. Wakili mbovu anamwangamiza mteja kuliko hakimu mkali. Lakini mjadala ule uliishia mlangoni. Ulihesabu wangapi wameingia, haukuuliza walioingia wanakwenda kufanya kazi wapi, na nani anawashika mkono katika miaka yao ya mwanzo. Wale 26 waliofaulu nao walibaki na swali hilo.

Uzito wa swali unaonekana vizuri zaidi ukitazama Uingereza, ambako Tanganyika ilirithi sheria yake. Kule kazi imegawanywa pande mbili: mwanasheria anayekaa ofisini na mteja, kuandaa mikataba na hati, na yule anayesimama mahakamani kutetea. Tanzania wakili ni mmoja. Asubuhi anaandika mkataba wa kuuza kiwanja, mchana anamhoji shahidi, jioni anagonga muhuri wa kamishna wa viapo. Katika jiji, wakili mchanga anaweza kuajiriwa na kampuni na kujifunza kazi moja baada ya nyingine chini ya wakubwa. Akienda Kondoa leo, anafanya zote siku ya kwanza, na hana wa kumuuliza. Haishangazi akibaki Dar es Salaam, hata kwa kazi ya kubeba mafaili ya wengine.

Wenzetu wa Uingereza wanamtunza anayeanza. Anayejifunza utetezi wa mahakamani anakaa mwaka mmoja chini ya mzoefu, na ofisi inayompokea inalazimika kumlipa. Kwa upande wa pili, mfumo ulioanza mwaka 2021 unadai miaka miwili ya kazi halisi, na kazi hiyo inaweza kufanyika hata katika kituo cha msaada wa kisheria kwa maskini. Kwa maneno mengine, kumsaidia asiye na fedha kunahesabiwa kuwa sehemu ya kusomea uwakili.

Mfano wa karibu zaidi uko hapahapa nchini. Daktari anayemaliza chuo haachwi ajitafutie. Anakwenda utarajali wa mwaka mmoja katika hospitali aliyopangiwa, chini ya madaktari wazoefu, na analipwa posho. Hakuna anayesema utarajali unashusha hadhi ya udaktari. Taifa liliona kwamba mgonjwa wa mkoani naye anastahili daktari, na kwamba daktari mchanga anakomaa kwa kuona wagonjwa wengi. Mlalamikaji wa Kolo anastahili nini pungufu?

Pendekezo, basi, ni hili: utarajali wa uwakili ufanyike wilayani. Law School tayari inawatoa wanafunzi darasani kwenda kujifunza kazini. Kipindi hicho kirefushwe, na wanafunzi wapangiwe vituo kama wanavyopangiwa madaktari: mahakama ya wilaya, baraza la ardhi, ofisi ya mashtaka, kituo cha msaada wa kisheria. Mtarajali wa Kondoa atatoka akiwa ameandaa kwa mkono wake maombi ya ardhi, mirathi na matunzo ya watoto, mambo yanayowafikisha wananchi wengi mahakamani. Hicho ndicho kipimo cha viwango kinachokosekana katika chumba cha mtihani.

Wapo watakaouliza nani atawasimamia huko, ikiwa mawakili wenyewe ni wachache. Ni swali gumu, ila lina majibu. Mahakimu wakazi, wenyeviti wa mabaraza ya ardhi na mawakili wa Serikali wapo wilayani tayari. Chama cha Mawakili Tanganyika, TLS, kilichoanzishwa mwaka 1954, kina wanachama wazoefu Dodoma wanaoweza kupewa watarajali wa kuwalea. Isitoshe, usajili wa mashauri kwa njia ya kielektroniki una kanuni zake tangu mwaka 2018, hivyo wakili wa Kondoa hahitaji kupanda basi kila anapotaka kufungua shauri Mahakama Kuu.

Swali la pili ni la fedha. Posho ya watarajali ni gharama, na bajeti ya sheria ina wadai wengi. Hata hivyo Serikali imekwishakubali kwa vitendo kwamba msaada wa kisheria ni wajibu wake. Sheria ya Msaada wa Kisheria ilipitishwa mwaka 2017 na kuwatambua wasaidizi wa kisheria wa vijijini. Aprili 2023, Kampeni ya Msaada wa Kisheria ya Mama Samia ilizinduliwa Dodoma, na timu za wanasheria zikaanza kuzunguka mikoani. Kampeni hiyo imewafikia watu ambao hawajawahi kuzungumza na mwanasheria. Udhaifu wa kampeni yoyote ni kwamba inaondoka. Shauri la ardhi linaweza kuchukua miaka, na timu inakaa siku chache. Mtarajali anayekaa mwaka, kisha akapokewa na mwingine, angeifanya kazi ile iwe ya kudumu.

Mazingira ya kisheria nayo yamekuwa rafiki. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria na ya mahakama. Mwaka huohuo mawakili waliruhusiwa kusimama katika mahakama ya mwanzo inayoendeshwa na hakimu mkazi, mahali walipokuwa wamefungiwa mlango kwa miaka mingi. Kazi ya uwakili imesogezwa karibu na mwananchi. Mafunzo yake bado yanamvuta kijana mbali naye.

Kusogeza mafunzo si jambo geni Afrika Mashariki. Hadi miaka ya 1950, Mwafrika aliyetaka uwakili alilazimika kwenda ng'ambo. Kamati ya jaji wa Uingereza, Lord Denning, katika ripoti yake ya mwaka 1961, ilitaka sheria ifundishwe hapahapa, na Oktoba mwaka huo kitivo cha sheria kilifunguliwa Dar es Salaam katika jengo la TANU, Mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi wasiozidi 15. Leo Uganda imekwenda mbele zaidi: kituo chake cha mafunzo ya uwakili, kilichoanzia Kampala mwaka 1970, kina matawi Mbarara na Lira.

Dodoma ina kila sababu ya kuwa mahali pa kuanzia. Aprili 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua hapo makao makuu mapya ya Mahakama. Bunge liko hapo, chuo kikuu chenye shule ya sheria kiko hapo, na lami inafika Kolo. Baraza la Elimu ya Sheria, Law School na TLS wakae mwaka huu na Wizara ya Katiba na Sheria, wachague wilaya chache za mikoa ya Dodoma na Singida, na wapeleke kundi la kwanza la watarajali wenye posho na msimamizi. Kondoa iwe ya kwanza katika orodha.