Paka wa Jirani Aliyezuiwa Mpakani



Ndugu zetu wasomaji, na hasa nyinyi mama zetu na dada zetu mlio walinzi wa nyumba zetu, juma hili tumepokea swali kutoka kwa dada mmoja, mke wa dereva wa lori, ambaye maisha yake yamegawanyika kati ya Mombasa na Malaba. Anauliza hivi: likizuka tena gonjwa la kufunga mipaka, naye akazuiliwa mbali na nyumba yake, awafanye nini paka wake? Je, ni dhambi kuwagawa? Swali hili limetugusa, na jibu lake hatuwezi kulitoa bila kwanza kukiri kosa letu wenyewe.

Mwaka 2020 tulikuwa tukisomesha madrasa mjini Busia. Anayeujua mji ule anajua kwamba ni watu wa namna moja chini ya bendera mbili. Mtu hunywa chai ya asubuhi Kenya, akala chakula cha mchana Uganda, na hata jina la boda boda lilizaliwa hapo mpakani, kwa vijana wa baiskeli waliokuwa wakiwavusha watu. Machi 13 serikali ya Kenya ilitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona. Siku chache baadaye shule na madrasa zikafungwa, na kabla mwezi haujaisha Uganda nayo ikawafungia wasafiri mipaka yake. Malori ya mizigo peke yake ndiyo yaliyopita, nayo kwa kupimwa madereva, hata foleni ya Malaba ikafika makumi ya kilomita.

Jirani yetu alikuwa mama mfanyabiashara wa leso. Kwao ni upande wa Uganda, lakini chumba alichopanga kilikuwa upande wa Kenya, ukuta mmoja na wetu. Alikuwa amevuka kumtazama mama yake mgonjwa, akakuta njia ya kurudi imefungwa. Alitupigia simu usiku ule akasema, "Maalim, nakuombeni kwa ajili ya Mungu, mniangalizie paka wangu. Ana watoto watatu, na mlango nimeufunga." Tukamjibu, "Inshallah, mama, usiwe na wasiwasi."

Tulisema inshallah kwa ulimi, miguu isiondoke. Siku zile uvumi ulikuwa mwingi kwamba paka na mbwa wanaeneza maradhi, na sisi tunaopewa heshima ya kuitwa wenye elimu tuliuogopa uvumi kama wengine. Ahli yetu alitukumbusha siku ya kwanza na siku ya pili. Siku ya tatu hakutuuliza tena. Alikwenda mwenyewe kwa mwenye nyumba akachukua ufunguo. Alimkuta paka amekonda, na mtoto mmoja kati ya watatu amekwisha kufa.

Tunayo hadithi ambayo wengi wetu tuliihifadhi tungali wadogo chuoni, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia bila kumlisha wala kumwachia ajitafutie riziki ardhini. Hadithi hiyo tumeisomesha kwa miaka mingi. Siku zile tatu ilikuwa inatendeka nyuma ya ukuta wetu, na ufunguo ulikuwa hatua ishirini kutoka mlangoni petu. Tunamwomba Mwenyezi Mungu msamaha.

Wataalamu walikuja kubainisha kwamba paka anaweza kuambukizwa korona na binadamu anayeishi naye, lakini wanyama wa nyumbani hawakuwa na sehemu kubwa katika kuieneza. Binadamu ndiye aliyekuwa akimwambukiza binadamu mwenzake. Basi waliowatupa wanyama wao barabarani kwa hofu ile waliwadhulumu, wala hawakujikinga na lolote.

Paka yule na watoto wake wawili tukawaweka barazani jikoni, wakapita nasi Ramadhani yote na Idi. Mwezi wa Julai, zuio la kuingia na kutoka Mombasa lilipoondolewa, ikatulazimu kurudi nyumbani. Hapo ndipo tulipofanya kosa la pili. Watoto wa paka, ambao walikwisha kuacha kunyonya, tuliwapa majirani wawili. Mama yao tulimpa mjane mmoja wa Malaba mwenye binti mdogo. Wote walikuwa watu wema. Lakini mwenyewe hatukumwuliza. Tuliona haya kumpigia simu, kwa sababu tungelazimika kumweleza habari ya yule aliyekufa.

Mpaka ulipofunguliwa, yule mama alirejea akamwulizia paka wake. Tulimwelekeza Malaba, akaenda. Akamkuta amelala mapajani mwa yule binti, na binti aliposikia kwamba mwenyewe amekuja, akalia. Mama yule alikaa nao hadi alasiri, kisha akatupigia simu. Alisema, "Nimemwachia mtoto. Lakini, Maalim, mngeniuliza." Hakuongeza neno, na sisi hatukuwa na la kujibu zaidi ya kumtaka radhi.

Sasa turudi kwa swali la dada yetu. Mafakihi wa madhehebu yetu ya Shafi wameweka mlango mzima juu ya amana inayowekwa kwa mtu, na mnyama ni katika amana hizo. Wanasema mwenye kuwekewa hana ruhusa ya kumkabidhi mtu mwingine bila idhini ya mwenyewe, ila kwa dharura. Akilazimika kusafiri, humrudishia mwenyewe au wakili wake. Wasipopatikana, humpelekea kadhi. Na akikosekana kadhi, ndipo humpa mtu mwaminifu. Sisi tuliruka hadi daraja ya mwisho, ilhali simu ya mwenyewe tulikuwa nayo mfukoni.

Na wanaofanya kazi ya kuokoa wanyama wana utaratibu unaokaribiana na huo. Nairobi kuna chama cha kuwalinda na kuwatunza wanyama, KSPCA, ambacho asili yake ni mwaka 1910. Uganda nako kuna chama cha namna hiyo mjini Kampala. Sisi wa mpakani hatukuwa na kituo cha karibu cha kukimbilia. Katika gonjwa lile, vituo vingi vya Ulaya na Marekani vilifunga milango kwa wageni, vikawatawanya wanyama katika nyumba za watu wa kuwalea kwa muda. Mchukuaji aliulizwa maswali kwa simu, akaja kwa miadi, na mara nyingi akakabidhiwa mnyama nje bila watu kukaribiana. Jambo moja walilishikilia: anayelea kwa muda aambiwe tangu mwanzo kwamba ni kwa muda, na anayepewa moja kwa moja aambiwe hivyo. Sisi hatukumwambia yule mjane lolote kati ya hayo mawili, na binti yake ndiye aliyelia kwa ajili yake.

Kwa hiyo, dada yetu, kugawa si dhambi. Dhambi ni kutelekeza. Mteue leo mtu wa upande huu na mtu wa upande wa pili, uwape ufunguo na ruhusa kwa maneno yaliyo wazi: mpaka lini wamtunze, na ukichelewa wampe nani. Acha cha kumlishia, kwani gharama ya mnyama ni ya mwenyewe. Mchanje dhidi ya kichaa cha mbwa na uhifadhi cheti, maana bila cheti na kibali cha daktari wa mifugo hutaweza kumvusha mpakani kwa halali. Akimng'ata au kumparura mtu, jeraha lioshwe mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu apelekwe hospitali. Na mama mjamzito asisafishe kinyesi cha paka; kazi hiyo aifanye mwingine.

Wenye mbwa wa ulinzi au wa mifugo, hukumu ya amana ni hiyo hiyo. Kuosha mara saba, moja kwa udongo, ni hukumu ya twahara. Hakumwondolei mbwa haki ya maji na chakula. Msisahau yule mtu aliyeteremka kisimani akamchotea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa.

Na wewe utakayepigiwa simu usiku na jirani aliyekwama, ukisema inshallah, nenda usiku ule ule.

Wallahu a'lam. Wabillahi tawfiq.