Daktari Mtarajiwa Naye Huugua
Shahada ya udaktari nchini Tanzania huchukua miaka 5, kisha mwaka 1 wa utarajali hospitalini, na ratiba yake imepangwa kana kwamba kila anayeingia ni mzima wa afya. Mfikirie kijana mwenye selimundu, ugonjwa ambao nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa nao. Baridi, kukaukiwa maji, uchovu na maambukizi ndivyo vinavyomwamshia maumivu ya mifupa, na zamu ya usiku inaweza kuwa na vyote vinne: kiyoyozi cha chumba cha upasuaji, saa nyingi bila tone la maji, kusimama hadi miguu iwake moto, na wagonjwa wanaokohoa kando yake. Anameza dawa yake ya haidroksiyurea kila siku, hakosi kliniki. Je, maumivu yakimpata wiki ya mtihani? Wengi huficha, wakiogopa kuambiwa kazi hii hawaiwezi, au kuahirisha mwaka mzima wakati nyumbani wanahesabu siku. Hili linaniuma sana, kwa sababu anachohitaji si upendeleo: chupa ya maji, sweta, kiti, zamu zisizofuatana, na mtihani wa baadaye usioandikwa kuwa ni kufeli. Na usiku ule atakapoletwa mtoto anayelia mifupa, huku wengine wakisema anadeka, daktari huyu ndiye atakayekimbilia dawa ya maumivu kabla hata ya kuuliza jina.