Tusiwanyang'anye Vijana Bwana Msa



Wapo wazazi hapa Majengo wanaowakataza vijana wao kusoma hadithi za upelelezi, eti zinafundisha mauaji na ushirikina. Hatukubaliani nao hata kidogo.

Riwaya ya Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, Mzimu wa Watu wa Kale, iliyotoka mwaka 1960, inahusu maiti iliyokutwa mzimuni. Bwana Msa, na kiko chake, hatafuti pepo. Anamtafuta binadamu aliyeua. Je, huo ni ushirikina? Ushirikina ni kumnyooshea kidole bibi kizee mwenye macho mekundu kila mtoto anapofariki.

Tena tufungue Kitabu cha Danieli, sura ya 13. Wazee wawili walimsingizia Susana, na umati ukawaamini. Kijana Danieli akawatenganisha, akamwuliza kila mmoja: chini ya mti gani? Majibu yakatofautiana, na mwanamke asiye na hatia akaokoka.

Kijana aliyezoea kuuliza hivyo hatashika jiwe pamoja na umati. Basi, mzazi, usimfungie kitabu. Kisomeni pamoja, kisha muulizane: ushahidi uko wapi?