Akili Bandia Isifundishwe Mbali na Spana

Juzi nilisimama katika gereji moja karibu na Barabara ya Kirinyaga, Nairobi, ilikoletwa matatu iliyokuwa ikichemka. Kijana mmoja wa chuo cha ufundi, aliyekuja hapo kujifunza kazi, alitoa simu akaiuliza programu ya akili bandia ugonjwa wa injini ile. Jibu lilikuja upesi: huenda maji yamepungua, huenda thamostati imekwama, huenda pampu imechoka. Mzee fundi hakusema neno. Aliubonyeza mkanda wa feni kwa kidole gumba, nao ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo.

"Iulize hiyo simu yako, mwanangu, kama ina kidole," alisema.

Watu walicheka, lakini mimi sikucheka sana. ChatGPT ilifunguliwa kwa watu wote Novemba 2022, na Machi 2025 serikali yetu ilizindua mkakati wa taifa wa akili bandia hadi mwaka 2030. Chuo cha ufundi kitakachowafungia vijana mlango huu kitawadhulumu. Basi swali, ndugu msomaji, si kama elimu hii ifundishwe. Swali ni ifundishwe wapi.

Wako wataotaka iwe somo la chumba cha kompyuta, mbali na grisi. Hapo ndipo nionapo hatari. Mtambo huu hujifunza kwa kusomeshwa maandishi mengi, kisha hukisia neno lifuatalo. Haujapata kushika spana. Na ujuzi mwingi wa mafundi wetu haukuandikwa. Hupokezanwa kwa mdomo na kwa mkono, kwa lugha yao wenyewe. Ndiyo maana simu ile iliita rejeta "kipozajoto", jina ambalo pale gerejini halikujulikana na mtu.

Kwa hiyo somo hili na liletwe penye kazi. Mwanafunzi auulize mtambo, kisha ahakikishe jibu kwa mkono kabla ya kufungua nati, naye apewe maksi kwa kugundua ulipokosea. Na mafundi wazee, wakiridhia, warekodiwe wakieleza kazi yao, tena walipwe. La sivyo mtambo utaendelea kuwafundisha wanagenzi wetu ufundi wa watu wengine.

Nilipokuwa nikiondoka, mzee alikuwa ameinamia simu ile. "Haya," alimwambia kijana, "nami nionyeshe namna ya kuuliza."