Kibanda Kisidharauliwe

Leo nina neno juu ya tumbo. Shule zikifungwa, wengi wetu hapa Matungu huvipita vibanda vya chakula wakibetua midomo, eti ni vichafu. Kisha huishia penye viti vya kung'aa, wakala chipsi zilizopoa kwa bei ya kuuma. Jamani, kwani kiti kinaliwa?

Uchafu hauko katika mabati. Kipindupindu huletwa na maji au chakula kilichochafuliwa, na moto mkali huua vijidudu vyake. Kwa hivyo hebu chunguza. Je, kuna maji na sabuni ya kunawa? Chakula kinatoka jikoni kikifuka mvuke? Mpishi ana cheti cha afya, kama inavyotakiwa chini ya Sura ya 254 ya sheria za Kenya? Kisha tazama wanaokula. Ukiona wapakia miwa na watu wa bodaboda wamejazana saa saba mchana, ingia. Hao hawana pesa za kuchezea, na chakula kinachoisha upesi hakilali.

Hapo utapata ugali kwa mrenda, omena wa Ziwa Victoria, au chapati kwa maharagwe. Utashiba na nauli ibaki. Tena shilingi yako humfikia mama anayemlipia mwenzako karo.

Lakini pasipo na maji ya kunawa, ondoka, hata kama mwenye kibanda ni shangazi yako. Shime wenzangu, tule kwa akili!