Taa Iliyozimika Ifunguliwe Darasani

Katika shule nyingi za sekondari mwanafunzi huweza kuchora saketi ya betri, swichi na balbu kwa ustadi: mistari imenyooka na kila alama imekaa mahali pake. Lakini mwanafunzi huyo huyo akipewa ubao uliotolewa ndani ya taa ya LED iliyozimika, hushindwa kuonyesha umeme unaingilia wapi na unatokea wapi. Amejifunza mchoro, hakujifunza kitu ambacho mchoro huo unakieleza. Upungufu huu si mdogo, na dawa yake imo katika pipa la taka.

Diodi itoayo nuru nyekundu ilionyeshwa na Nick Holonyak huko Marekani mwaka 1962. Taa nyeupe iliwezekana baada ya kupatikana diodi yenye nuru kali ya buluu, kazi iliyowapatia Isamu Akasaki, Hiroshi Amano na Shuji Nakamura Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 2014. Nuru ya buluu hupita katika utando wa rangi ya manjano, sehemu yake hugeuzwa, na jicho huona weupe. Diodi moja ya namna hiyo huhitaji volti 3 hivi za mkondo mnyoofu, ilhali umeme wa majumbani nchini Tanzania ni volti 230 za mkondo geu. Jinsi ya kuvuka kutoka 230 hadi 3 ndiyo habari yote iliyoandikwa juu ya ubao ule.

Habari hiyo husomwa kinyumenyume, yaani kutoka kwenye kifaa kurudi kwenye mchoro. Mwanafunzi huanzia pale nyaya mbili zinapoingia, akafuata njia za shaba moja baada ya nyingine. Aghalabu hukuta kwanza rezista ndogo ifanyayo pia kazi ya fyuzi. Kisha diodi nne za kunyoosha mkondo, pengine zimefungwa pamoja katika kifaa kimoja chenye miguu minne. Kisha kapasita ya kutuliza mawimbi. Hapo hesabu ya darasani hupata maana: kilele cha volti 230 ni 230 mara 1.41, yaani volti 325 hivi. Mbele yake kuna saketi unganifu, kipande cheusi kinachosimamia kiasi cha mkondo, na kando yake rezista ndogo mno. Rezista iliyoandikwa 103 ina omu 10,000, kwa kuwa tarakimu ya tatu ni idadi ya sifuri. Mwishoni kuna diodi za nuru zilizopangwa mfululizo.

Mchoro ukikamilika, hitilafu huacha kuwa fumbo. Diodi zikiwa katika mfululizo mmoja, moja ikikatika zote huzimika. Mara nyingi ile iliyokufa huonyesha doa jeusi. Mafundi wengine huirukia diodi hiyo kwa tone la risasi, na taa huwaka tena. Mwenye mchoro hutambua gharama yake: katika taa nyingi za bei nafuu, volti zilizokuwa za diodi hiyo huhamia kwenye saketi unganifu na kugeuka joto. Joto nalo ni adui wa kapasita. Kwa kanuni ya makadirio waitumiayo wahandisi, kila nyuzi 10 za Selsiasi zinazoongezeka hupunguza maisha yake kwa nusu.

Wapo watakaosema kuwa kazi hii ni ya hatari, nao wana haki. Taa nyingi hazina transfoma ya kutenga ubao na umeme wa ukutani, kwa hiyo kila sehemu ya ubao yaweza kuua endapo taa imeunganishwa. Kapasita nayo huweza kubaki na chaji baada ya taa kuchomolewa. Basi sharti liwe moja na lisilegezwe: ubao uliofunguliwa usiunganishwe kamwe na umeme wa ukutani darasani, na mwalimu amalize chaji ya kapasita kupitia rezista kabla mwanafunzi hajagusa. Kupima diodi hakuhitaji zaidi ya betri ya volti 9 na rezista ya omu 1,000: ikiwa diodi huchukua volti 3, zinazobaki ni 6, na mkondo ni miliampea 6 tu. Ieleweke pia kuwa vifaa vingine vina diodi kadhaa ndani yake na huhitaji volti zaidi, hivyo kisichowaka si lazima kiwe kimekufa.

Wengine watauliza kama kuchunguza kazi ya mwingine si wizi. Kujua na kunakili ni mambo mawili. Hata sheria ya Marekani ya mwaka 1984, iliyotungwa kulinda miundo ya saketi unganifu, iliruhusu miundo hiyo inakiliwe kwa ajili ya kufundishia na kuichambua.

Hoja iliyo nzito zaidi ni ya muda, kwa kuwa mtihani hauulizi habari za taa mbovu. Lakini mtihani huuliza mfululizo, unyooshaji wa mkondo, kapasita na kanuni ya Ohm, na yote hayo yamo katika ubao mmoja usiozidi upana wa kiganja. Vipindi viwili vinatosha kwa kundi la wanafunzi wanne. Vifaa vingi vitumikavyo majumbani huja bila mchoro wake. Kijana asiyezoezwa kuuchora mwenyewe atabaki mnunuzi wa vitu asivyovielewa, na kila kikiharibika hatakuwa na la kufanya ila kukitupa. Taa inayofuata kuzimika shuleni isitupwe, ipelekwe maabara.